Wekeni Siri na Mola Wenu

Wanangu na wajukuu zangu, nataka kusema nanyi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, kwa sababu ukishaandama hamtakuwa na nafasi ya kunisikiliza. Kutakuwa na futari za kualikana, mashindano ya kusoma Kurani, tarawehe msikiti huu leo na ule kesho, na simu mkononi muda wote. Basi nipeni masikio sasa, Shaabani hii, watu wakiwa bado wametulia.

Kwanza niwape haki yenu. Mzee anayesema vijana wa leo wameacha dini, huyo haingii msikitini. Ijumaa mnajaa mpaka mikeka inatandikwa nje. Darasa za mashehe mnazisikiliza mkiwa ndani ya daladala. Wapo kati yenu waliokwenda Umra kwa fedha zao wenyewe kabla hata ya kuoa, jambo ambalo baba zetu walilingoja mpaka wakaota mvi, na wengi wao walikufa wakilitamani. Utiifu mnao. Kinachonikosesha usingizi ni yale mnayoniambia tukibaki wawili. Mmoja ananiambia, mzee, nasali lakini sioni ladha yoyote. Mwingine ananiambia, nafunga, lakini kazi yangu ni kutazama saa. Binti mmoja aliniambia kwamba anahitimisha msahafu kila Ramadhani, na moyo wake unamaliza mwezi ukiwa mkavu vilevile.

Utiifu usio na furaha unaweza kudumu kwa mazoea, au kwa kuwaogopa wazazi, lakini siku mazoea yakikatika haurudi. Nimewaona watu wa rika langu waliosali tangu wakiwa watoto wa chuoni, kisha wakaacha uzeeni. Wala hawakupotezwa na pombe au anasa. Walichoka tu kubeba kitu ambacho hakijawahi kuwapa chochote. Ndiyo maana nawahofia nyinyi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Sababu zake ni nyingi, na nyingine anazijua Mola peke yake, lakini moja naiona kwa macho yangu kila siku: ibada zenu zina watazamaji wengi mno.

Ramadhani iliyopita nilikuwa nimekaa barazani baada ya alasiri. Gari likasimama, wakashuka vijana waliovaa fulana za rangi moja, wakaanza kushusha mifuko: unga, mchele, sukari, tende, mafuta ya kupikia. Kina mama wa mtaani wakaitwa wakajipanga foleni, jua bado kali, wote wamefunga. Kila mmoja akifika mbele anashika mfuko upande mmoja, mtoaji anashika upande wa pili, wanapigwa picha, ndipo mfuko unaachiwa. Ikafika zamu ya mama mmoja, mjane. Alipofika aliuvuta mtandio ukamfunika mpaka puani. Kijana mwenye simu akamwambia, tena kwa upole kabisa, “Mama, inua uso kidogo, mwanga haujakupata.” Akainua. Akapigwa picha. Akaukumbatia mfuko wake akaondoka. Nyumba yake iko upande wangu, na kila siku hupita barazani akanisalimu, lakini siku ile alizunguka akapita njia ya nyuma.

Sisemi vijana wale ni wabaya. Walichangishana, walibeba mizigo juani wakiwa wamefunga, na nyumba kadhaa zilipata futari kwa sababu yao. Wala sisemi kutoa hadharani ni haramu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Baqara kwamba sadaka ikidhihirishwa ni jambo zuri, na ikifichwa wakapewa mafukara ni bora zaidi. Na katika sura hiyohiyo amewaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimango na maudhi. Kuna wakati mtu hutoa mbele ya watu ili wengine nao wafungue mifuko, na nia ikiwa hiyo, ana ujira wake. Lakini uso wa mjane hauhitajiki hapo. Uso wa mjane unahitajika kwa jambo moja tu, nalo ni kumwonyesha mtoaji. Na mimi swali langu kwa kijana yule, kama angekuja akakaa nami barazani, lingekuwa hili: usiku ule ulipolala ulikuwa ukifikiria nini? Uliwafikiria watoto wa yule mama wakila, au ulikuwa ukifungua simu kila baada ya dakika tano kuona wangapi wameipenda picha?

Hapo ndipo furaha inapopotelea, wanangu. Mtu akifanya jema ili aonekane, anakuwa amejitia katika kungoja. Anangoja asifiwe. Asiposifiwa anaumia, hata kama lile jema limemfaa mtu kweli. Akisifiwa anafurahi kwa saa moja, kisha anataka sifa nyingine kubwa kuliko ile. Akisifiwa mwenzake aliyefanya kidogo kuliko yeye, halali. Mtu wa namna hiyo ana mabwana wengi, kila mmoja ana lake, na hakuna hata mmoja anayeujua moyo wake. Lakini anayefanya kwa ajili ya Mola hana cha kungoja. Mola ameshaona. Ameona kabla mkono haujatoka mfukoni. Ndiyo maana watu wa namna hii mnawaona wametulia, wanatoa na kusahau, wanasali na kuondoka, na nyuso zao zina mwangaza ambao hamjui unatoka wapi.

Wanahistoria wetu wanasimulia habari za Ali bin Husein, mjukuu wa Bwana wetu Ali na kitukuu wa Mtume, yule waliyemwita Zainul Abidin kwa wingi wa ibada zake. Mji wa Madina ulikuwa na nyumba za mafukara zilizokuwa zikipata unga usiku bila kujua nani anauleta. Mtu huja gizani, hubisha, huweka mzigo mlangoni, huenda zake. Wapo hata waliomlaumu Zainul Abidin kwamba ni bahili. Alipofariki mzigo haukuja tena. Na walipomwosha wakakuta mgongoni mwake alama nyeusi, sugu za mifuko ya unga aliyokuwa akiibeba mwenyewe usiku. Hebu fikirini: mtu aitwe bahili mbele ya watu, naye ana jibu mgongoni, asilitoe. Mtu hawezi kuvumilia hivyo kama hapati kitu kitamu kuliko sifa.

Lakini mtaniambia, mzee, hao ni watu wa nyumba ya Mtume, sisi ni watu wa kawaida. Haya, niwape wa pili, ambaye alianza palepale mlipo nyinyi.

Imamu Ghazali wengi mnamjua kwa kitabu chake, Ihyau Ulumiddin, ambacho mashehe wa pwani yetu wamekidarsisha vizazi na vizazi. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Iran ya leo, mwaka 1058. Babake alikuwa fukara aliyesokota sufu, na kabla ya kufa aliwakabidhi wanawe wawili kwa rafiki yake mchamungu pamoja na akiba ndogo. Akiba ilipokwisha, yule rafiki akawaambia watoto waingie madrasa, ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Ghazali baadaye alikuwa akikumbuka hilo na kusema kwamba wao waliitafuta elimu kwa lisilokuwa la Mungu, na elimu yenyewe ikakataa isipokuwa iwe ya Mungu. Tazameni: alianza kwa kutafuta mkate. Mola hakumfukuza kwa hilo.

Akapanda. Akasoma Nishapur kwa Imamul Haramayn Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, waziri Nizamul Mulk akampa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiya mjini Baghdad. Hakukuwa na kiti cha juu kuliko hicho. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Wakubwa wa dola walimheshimu, wanavyuoni waliogopa kujadiliana naye. Na kazi yake, msisahau, ilikuwa ibada: kufundisha dini ya Mwenyezi Mungu.

Miaka minne baadaye, mwaka 1095, akaketi na nafsi yake. Mwenyewe ameyasimulia haya katika kitabu cha maisha yake, Almunqidhu Minadh-Dhalal. Aliiangalia nia yake katika kufundisha, akakuta si safi; kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka jaha na sauti yake isikike. Akajua kwamba amesimama ukingoni. Lakini kuacha hakuweza. Siku moja anaamua kuondoka Baghdad, siku ya pili anaghairi. Asubuhi anaitaka akhera, jioni dunia inamrudisha. Akakaa katika hali hiyo karibu miezi sita, tangu Rajabu, mpaka mambo yakatoka mikononi mwake: ulimi ukafungika. Mwalimu wa wanafunzi 300 akawa anakaa kitini kujaribu kufundisha hata siku moja tu ili awaridhishe waliokuja, na neno halitoki. Huzuni ikamshika, chakula hakiteremki, maji hayapiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa huu uko moyoni na hauna dawa mpaka moyo wenyewe upumzike.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Mnaponiambia hamwoni ladha ya ibada mnadhani mna upungufu wa elimu, mnakimbilia darasa nyingine, shehe mwingine, kisomo kingine. Ghazali hakuwa na upungufu wa elimu. Hakuna aliyemzidi. Alikuwa akimtii Mungu kwa ulimi wake mchana kutwa, na utiifu huo ukamfanya mgonjwa, kwa sababu moyo ulikuwa ukitazama viti vya mbele kuona nani amekaa na nani anatikisa kichwa.

Akagawa mali yake, akaacha ya kuwatosha watoto wake. Akawaambia watu anakwenda Makka, naye moyoni anakusudia Sham, maana alihofu Khalifa na masahibu zake watamzuia. Huko Sham, mjini Damascus, alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti, akijifungia mlango humo mchana kutwa. Kutoka hapo akaenda Baitul Maqdis, akijifungia vilevile penye Kuba ya Mwamba, kisha akahiji. Watu wa Baghdad walisema maneno mengi juu yake. Wengine walisema ni jicho baya limeupata Uislamu na wanavyuoni wake. Hakuwajibu.

Nataka mkumbuke na mwisho wa kisa, kwa sababu wengi wanaishia mnarani. Mwaka 1106 Ghazali alirudi kufundisha, katika mji wa Nishapur. Kazi ileile ya ualimu. Lakini mwenyewe anasema kwamba ingawa kwa macho ya watu alirudi, yeye hakuona kuwa amerudi. Zamani alikuwa akifundisha elimu ambayo mtu hupatia jaha, na sasa alikuwa akiita kwenye elimu inayomfanya mtu aiache jaha. Alifariki kwao Tus mwaka 1111.

Kwa hiyo sikuwaambia muache. Kijana mmoja akinisikia hivi anaweza kusema, basi mimi nitaacha kuadhini, maana nikiadhini watu wanaisifu sauti yangu. Hapana, mwanangu. Huo ni mlango wa pili wa shetani, nao ni mpana kuliko wa kwanza. Fudhayl bin Iyadh, aliyekuwa mnyang’anyi wa njiani kisha akatubu akawa imamu wa wachamungu mjini Makka, alifundisha kwamba kufanya jambo kwa ajili ya watu ni ushirikina, na kuacha jambo kwa ajili ya watu nako ni riya. Ukiacha sala ya jamaa kwa kuogopa kuitwa mnafiki, bado watu ndio waliokuamulia. Adhini. Sauti amekupa Yeye. Wakikusifu sema alhamdulillahi, na wasipokusifu adhini kesho vilevile.

Yule maskini wa Mungu, Habib Swaleh, aliyezaliwa Ngazija akahamia Lamu na kujenga msikiti wa Riyadha, angeogopa maneno ya watu asingefanya lolote. Aliwakalisha darasani watu waliohesabiwa duni katika mji ule, waliotoka utumwani na watoto wao, na wakubwa wa mji hawakupendezwa. Akaingiza matwari katika maulidi, wakanung’unika tena. Aliendelea mpaka alipofariki. Leo kila Mfungo Sita watu wanatoka pembe zote za pwani kwenda Lamu kwenye maulidi hayo, na waliolalamika majina yao hakuna ayajuaye. Nendeni siku moja mkaone vijana wa Riyadha wanavyoimba, mabega yakiyumba pamoja, halafu mje mniambie kama utiifu ni kununa.

Sasa niwaonye na kosa jingine. Wengine wenu mkisikia habari ya furaha katika ibada mnaitaka usiku huuhuu. Mnaamka mara moja kusali tahajudi, machozi hayaji, mnasema mimi si katika watu hao. Ama mnajibebesha mzigo mzito, juzuu tano kwa siku, rakaa ishirini za usiku, funga ya Jumatatu na Alhamisi na masiku meupe, na baada ya wiki mbili hamna hata sunna ya alfajiri. Thabit al-Bunani wa Basra, mwanafunzi wa Anas bin Malik, amepokewa kwamba aliteseka na kisimamo cha usiku miaka 20, kisha akastarehe nacho miaka 20. Miaka 20 ya kujikokota, wanangu. Alikuwa akimtii Mola katika miaka ile ya mwanzo kama alivyomtii katika ile ya mwisho, na pengine ile ya mwanzo ina thamani zaidi, maana alikuwa akija bila ladha, akija kwa sababu ameitwa. Ikhlasi haina maana kwamba unajisikia vizuri. Ina maana kwamba unakuja hata usipojisikia vizuri, na hukumwambia mtu.

Na Mtume wetu (s.a.w.) hakupenda watu wajitese. Siku moja aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bibi Zainab; akichoka katika sala huishika ili asianguke. Akaamuru ifunguliwe, na kila mtu asali wakati ana nguvu, akichoka akae. Mimi nikiisoma hadithi hii katika Bukhari huiona ile kamba, na huona mkono wa mtu anayeifungua fundo kwa fundo. Na Mtume huyohuyo ndiye aliyekuwa akisimama usiku mpaka miguu yake ikavimba, na Bibi Aisha alipomuuliza kwa nini naye ameshasamehewa, akajibu kwa kuuliza kama hapaswi kuwa mja mwenye kushukuru. Mambo haya mawili hayapingani. Yeye miguu ilivimba kwa sababu ya shukrani. Alikuwa mahali anapopapenda. Zainab alikuwa amechoka na anajilazimisha. Kamba mnazozifunga wenyewe zifungueni. Shikeni kidogo mnachokiweza kila siku, na Mtume ametufundisha kwamba kinachopendwa zaidi na Mola ni kile kinachodumu hata kikiwa kichache.

Mimi nimeuza nafaka maisha yangu yote, na sitaki mdhani nazungumzia msikiti peke yake. Duka ni mahali pa utiifu kama msikiti, na pengine zaidi, kwa sababu dukani hakuna imamu anayekutazama. Njia za kuiba kwenye kipimo ni nyingi na zote nimeziona sokoni: kopo lililobonyezwa kitako likaingia ndani, jiwe la mizani lililochimbwa chini, vidole viwili vinavyoingia ndani ya kopo wakati wa kuchota, mchele wa zamani uliofunikwa na mpya juu. Huko mashambani mkulima anashonewa lumbesa, gunia limetiwa kilemba cha mazao, naye analipwa kwa gunia moja. Wanaofanya hayo wengine wana sijda kwenye paji la uso. Sura nzima imeshuka kuwahusu, ya 83 katika msahafu, nayo inaanza kwa kuwatangazia adhabu wale ambao wakipimiwa wanataka kijae na wakipima wanapunguza.

Mteja mkubwa hapunjwi ovyo. Anaangalia, anatikisa kopo, anagombana. Anayepunjwa ni mtoto aliyetumwa. Anakuja mbio, noti imelowa jasho kiganjani, midomo inarudia rudia alichoagizwa ili asisahau: nusu ya maharage, robo ya sukari, chenji usipoteze. Kichwa chake hakifiki juu ya meza. Hawezi kuona mizani wala hawezi kuhesabu chenji. Ukimpunja hajui, na mamake akigundua atampiga yeye kwa kudhani amemwaga njiani. Mtoto wa namna hiyo akiondoka dukani na kipimo kamili na chenji yake yote, duniani hakuna anayejua kuwa umefanya jema, hata yeye mwenyewe hajui. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa saa niliyoipenda kuliko zote katika siku. Nilikuwa nikimtazama akikata kona, nikajisikia mwepesi kwa namna ambayo mauzo makubwa hayajawahi kunifanya. Sijui kuieleza zaidi ya hapo. Lakini ninyi mnaoniuliza ladha ya ibada iko wapi, mimi kwa mara ya kwanza niliijulia hapo mezani, kisha ndipo nikaanza kuiona katika sala.

Sikilizeni basi hadithi ambayo msimulizi wake mwenyewe ilimshinda kuisimulia. Imamu Tirmidhi ameipokea kwamba mtu mmoja alimjia Abu Huraira mjini Madina akamwomba amsimulie kitu alichokisikia kwa Mtume na kukifahamu vizuri. Abu Huraira akakubali, akataka kuanza, akashikwa na kwikwi ya kilio akazimia. Akazinduka, akajaribu tena, ikawa vilevile. Ikarudia, mpaka akaanguka kifudifudi, yule mgeni akamwinua. Alipoweza kusema, habari yenyewe ilikuwa ya watu watatu ambao hesabu itaanza nao Siku ya Kiyama na moto utawashwa kwa ajili yao: msomaji wa Kurani, tajiri mtoaji, na aliyeuawa vitani. Si mlevi, si mwizi. Kila mmoja ataeleza aliyoyafanya, na kila mmoja ataambiwa kwamba alitaka asemwe, na alisemwa. Khalifa Muawiya aliposikia habari hiyo alilia mpaka waliokuwapo wakadhani atakufa. Na hao wote hawakuwa na simu.

Lakini siwaachi kwenye hofu. Mungu mwenyewe ametupa ibada ambayo haonekani mwenye nayo, nayo ndiyo hiyo inayokuja. Anayesali anaonekana, anayetoa zaka anaonekana, anayehiji anasindikizwa. Anayefunga haonekani. Mnaweza kuingia chooni mkanywa maji mkatoka mmepangusa midomo, na hakuna atakayejua mpaka Kiyama. Hamnywi. Kwa nini hamnywi? Jibu la swali hilo ndilo ikhlasi yenu, tayari mnayo, mmekuwa mkiibeba tangu mlipofunga mara ya kwanza mkiwa watoto. Mtume ametueleza kwamba Mola ameinasibisha funga na nafsi Yake na kwamba ndiye atakayeilipa, na kwamba aliyefunga ana furaha mbili: moja anapofuturu, na moja atakapokutana na Mola wake. Ile ya kwanza mnaijua. Tende ya kwanza mdomoni jua likizama, hata maskini asiye na kitu ila maji na kipande cha muhogo, anaipata sawasawa na tajiri. Aliyekula mchana kwa siri naye anakaa mkekani, anakula sambusa zilezile, hapati kitu.

Basi Ramadhani hii fanyeni yote mliyozoea, na juu yake kila mmoja achague jambo moja dogo ambalo hatalijua mke wala mume, mama wala rafiki. Rakaa mbili kabla ya daku wakati nyumba nzima imelala. Deni la jirani katika daftari la mwenye duka, ulilipe uombe lifutwe bila kutaja jina. Mtu aliyekuudhi, umwombee dua kila siku kwa jina lake. Likiwa zito, lipunguzeni, lakini msilikatize. Siku mtakapotamani sana kulisema, mkakaribia kulisema, mkalizuia, hiyo ndiyo siku litakapoanza kuwa tamu. Na Idi mosi mkija kunipa mkono, nami nikawauliza mwezi umepitaje, nitajieni tarawehe na hitima. Hilo jingine mninyamazie.